Fundi wa Kawaida, Sehemu ya 14: Zamu ya Kuamkia Jumanne

Kidole cha Mama Pacha bado kipo juu ya ukurasa. Wiki nzima kimekaa pale, na barua zenu nimezipata, pamoja na ile ya msomaji aliyeniita mchawi kwa kukata maneno mahali pabaya. Haya, tuendelee kabla hamjanichomea nyumba.

Aliyeingia leo naye asiachwe nyuma. Mama Pacha ni mjane. Mumewe alikuwa fundi wa mikanda mgodini, ile mikanda mirefu ya mpira inayobeba mawe kutoka shimoni hadi kwenye kinu. Miaka sita iliyopita mkanda namba tatu ulimkamata mkono, ukamvuta mzimamzima. Kampuni iliandika ripoti ya mistari mitano: marehemu aliusogelea mkanda unaotembea bila kuomba usimamishwe, amekufa kwa uzembe wake mwenyewe.

Nyuma ya kalenda ya nyumbani mjane alikuta mchoro. Ulikuwa ulimi wa chuma wenye bawaba na springi, wa kufungwa mbele ya pipa la mkiani, pale mkanda unapogeuka kurudi ulikotoka. Jiwe likija, ulimi unalitupa pembeni. Kitu kikinasa, ulimi unalala na kukata umeme. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye baada ya msiba aliacha kazi ya mgodi akafungua karakana ya kuchomelea, ndiye aliyeuunda ule wa kwanza kwa vyuma chakavu. Hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mbunifu, ikatoka kwa jina la marehemu. Kampuni ikauiga ulimi ule, ikaufunga kwenye mikanda yake yote, halafu bila haya ikaja mbele ya jopo la waamuzi wa hataza kuomba hataza ifutwe kwa kuwa eti kitu chenyewe ni dhahiri.

Wakili wa kampuni ni yule bwana tunayemwita Tai Nyekundu, kwa tai anayoivaa shingoni. Shahidi wake ni mnyapara mstaafu, aliyekuja na daftari kuukuu la zamu, na ndani ya daftari kuna mchoro wa ulimi uleule. Mama Pacha alisogea, akaweka kidole, akautambua mwandiko wa mumewe. Kisha akaiona tarehe. Jumanne, tarehe kumi na tisa.

Mumewe alikufa Jumatatu.

"Huu mwandiko ni wa mume wangu," alisema.

Tai Nyekundu alimwangalia kwa upole wa mtu anayemvusha kipofu barabara. Akamuuliza marehemu alifariki lini. Akajibiwa. Akamwomba arudie, ili karani aandike vizuri. Akajibiwa tena.

"Basi, mama, pole sana. Ila maiti haishiki kalamu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mama Pacha hakucheka. Yeye aliujua ule mwandiko kama anavyoijua sauti ya mlango wake mwenyewe, na hakuona mtu mwingine duniani aliyeandika herufi R kama kiti kilichovunjika mguu mmoja.

Wakili akageukia jopo. Alikuwa na furaha, na hakuificha. Kama marehemu alishakufa, alisema, basi mchoro huu umechorwa na mtu mwingine, siku iliyofuata, kwa akili yake mwenyewe. Maana yake ni nini? Maana yake wazo lilikuwa limezagaa mgodini kama vumbi. Mashine za kusaga zina ulimi tangu zamani. Mikanda ina kamba ya kuzimia umeme tangu zamani. Fundi wa kawaida angeviunganisha viwili hivyo huku anakunywa chai.

"Fundi wa kawaida angeliona. Fundi wa kawaida angelijua. Na sasa, waheshimiwa, fundi wa kawaida amejitokeza mwenyewe katika daftari hili."

Hapa nawaomba msinipite haraka, maana ndipo palipomtesa mwanamke huyu tangu asubuhi.

Sheria ya hataza inapotaka kujua kama kitu ni dhahiri, haimuulizi mtu aliye hai. Imejitungia mtu wake. Inamwita fundi wa kawaida. Fundi huyo hana mama, hana sura, wala hajapata kuzaliwa. Amesoma kila kitabu cha kazi yake na habuni chochote. Sheria inamwita chumbani, inamwonyesha kifaa, inamuuliza: wewe ungekiona hiki bila kuumiza kichwa? Akisema ndiyo, hataza imekufa.

Sasa mumewe Mama Pacha, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kusema "kawaida tu". Bati limeng'oka kwa upepo, kawaida tu. Mke ameshikwa na uchungu na hakuna usafiri, kawaida tu, na akambeba kwa toroli hadi kwa mkunga. Mgodini walimbatiza jina hilo na likamganda. Hata hundi za mshahara mhasibu aliziita kwa sauti: Fundi Kawaida, Fundi Kawaida yuko wapi?

Kwa hiyo tangu saa tatu asubuhi, kila Tai Nyekundu alipofungua kinywa, mjane alisikia mumewe anaitwa. Fundi wa kawaida aje. Fundi wa kawaida atazame. Mara mbili alijikuta ameshageuza shingo kuelekea mlangoni. Asubuhi hiyohiyo binti yake, yule pacha mkubwa, alikuwa ameisoma barua ya wito juu ya meza kwa kidole, neno kwa neno, kisha akauliza, "Mama, hapa wamemwita baba. Atakuja?" Mama Pacha alimwambia anywe uji.

Juu ya vichwa vyao feni ilikuwa inalia. Kwii, kimya, kwii, kimya. Wenzake walisikia feni. Yeye alisikia rola ya mkanda iliyokufa beringi. Mumewe alikuwa akisimama mlangoni kwao jioni, akiusikiliza mgodi ulio mbali kule, na kusema: rola namba kumi na nane imekufa, kesho nitaibadilisha. Miaka sita Mama Pacha amekuwa akizisikia rola hizo jikoni, kwenye foleni ya maji, hata kanisani. Aliogopa kumwambia mtu, wasije wakamfunga kamba kama mwendawazimu.

Shemeji yake, aliyeketi kiti cha nyuma yake, aliinama karibu na sikio lake. Kwa kuwa wakili wao alikuwa amejitoa, shemeji ndiye aliyekuwa mshauri aliyebaki.

"Usibishane na tarehe," alinong'ona. "Sema lile neno letu. Hakuna aliyejua. Mgodi mzima hakuna aliyejua. Hilo tu."

Mwezi mzima alikuwa anamkaririsha hilo neno. Na wala halikuwa neno baya. Kama hakuna aliyejua, basi ulimi haukuwa dhahiri, hataza inabaki, na jina la marehemu linabaki juu ya kitu fulani duniani mbali na ile ripoti ya mistari mitano.

Mwenyekiti wa jopo, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoteleza hadi ncha ya pua, alimgeukia shahidi. Alitaka kujua kutoka kwa mnyapara mwenyewe: nani aliandika ukurasa huu?

Mzee alikuwa amepoteza sikio la kushoto kwa kelele za mgodi, na la kulia alilitumia apendapo.

"Kawaida," alijibu.

Tai Nyekundu alifurahi zaidi. Akaomba ieleweke kwamba shahidi anathibitisha ni kazi ya fundi wa kawaida.

"Ndiyo. Kawaida."

"Fundi wa kawaida yeyote angeweza kuuchora?"

"Yeyote sijui. Huu kachora Kawaida. Mume wa huyu mama."

Chumba kilichanganyikiwa kidogo. Karani aliinua kalamu akauliza neno hilo aliandike kwa herufi kubwa au ndogo. Mwenyekiti alivua miwani. Ilichukua dakika nzima ya kuelezana kwamba mzee hazungumzii mtu wa sheria, anazungumzia mtu wa nyama na damu aliyelala makaburini, na kwamba mtu huyo ndiye aliyeandika Jumanne baada ya kufa Jumatatu.

"Sasa mzee," mwenyekiti akasema taratibu, "huoni hapo pana tatizo?"

"Tatizo la ofisini hilo. Nyie siku yenu inaanza usiku wa manane. Yetu inaanza unapoingia shimoni."

Akaeleza, na aliposema hayo sauti yake ilishuka hata feni ikasikika kuliko yeye. Zamu ya usiku iliingia saa kumi na mbili jioni. Ukiingia Jumatatu jioni, hiyo ni zamu ya kuamkia Jumanne, na juu ya ukurasa unaandika Jumanne. Hakuna mtu wa shimoni aliyeandika siku aliyoingia. Waliandika siku watakayotoka. Ukiandika siku ya kuingia, wazee waliwaambia, umejifungia ndani.

"Kwa hiyo Kawaida aliandika hapa Jumatatu jioni," mzee alimaliza. "Aliandika siku ya kutoka, kama sote. Saa mbili usiku ikawa vile."

Mama Pacha aliketi. Mtu aliyemzika aliandika Jumanne kwa mkono wake kwa sababu alitegemea kuiona, na pengine alikuwa anamfikiria yeye na watoto wachanga wawili wakati kalamu inapita. Machozi yalimtoka palepale mbele ya wanasheria, na hakuyafuta.

Mwenyekiti aliomba daftari. Alilisogeza karibu na macho, akasoma maneno yaliyokuwa chini ya mchoro, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayesoma kazi yake.

"Pipa la mkiani la mkanda namba tatu linameza mawe. Naomba mkanda usimamishwe nifunge ulimi huu niliouchora. Hali: si kawaida."

Mnyapara aliitikia kwa kichwa. Mwisho wa kila ukurasa, alisema, fundi huandika hali ya mikanda. Miaka kumi na moja yule bwana aliandika neno moja, kawaida, na jina lake lilitoka huko pia. Hii ndiyo mara pekee aliyoongeza silabi mbele yake.

Nani anamwona Tai Nyekundu? Mimi namwona. Anapangapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kutoka kwenye daftari lile alikuwa amepewa nakala ya mchoro tu; maneno ya chini hakuyasoma, maana aliona mchoro na tarehe akashiba. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa ameshafika kiunoni.

Lakini mwenyekiti hakumtazama yeye. Alimtazama mjane.

"Mama, jopo linahitaji msimamo wako. Hoja ya kampuni ni kwamba kifaa hiki kilikuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida. Unapinga, au unakubali?"

Nyuma yake, shemeji: "Hakuna aliyejua. Sema."

Mama Pacha aliyageuza maneno hayo kichwani. Akisema hakuna aliyejua, hataza inapona. Watoto watakua wakiona jina la baba yao kwenye bamba la chuma la kila mkanda. Lakini kama hakuna aliyejua, hakuna aliyepaswa kuzuia. Kampuni haikujua, mnyapara hakujua, na mtu pekee wa kulaumiwa ni yule aliyepeleka mkono wake mwenyewe. Ripoti ya uzembe inabaki, naye ndiye atakayekuwa ameitia sahihi.

Akikubali, anaua hataza kwa kinywa chake. Chuma kinabaki bila jina. Anatoka pale mikono mitupu, kama alivyokuwa mwaka ule wa msiba.

Feni ilinyamaza. Labda umeme ulipungua nguvu, sijui. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita hakusikia rola, na utulivu huo ulimwogopesha kuliko kelele, kwa sababu ulikuwa ule utulivu wa mumewe akisubiri kujibiwa.

Alisimama.

"Wakili huyu tangu asubuhi anasema fundi wa kawaida alijua," alisema. "Nakubaliana naye. Alijua. Ilikuwa dhahiri."

Shemeji alimshika mkono wa gauni. Mama Pacha akauchomoa.

Tai Nyekundu alishaanza kushukuru jopo. Meno yalikuwa nje kabisa. Kisha, katikati ya shukrani, meno yakarudi ndani, kwa maana Mama Pacha alikuwa hajamaliza.

"Kama kila fundi angeliona anakunywa chai, kampuni ilikuwa na mafundi arobaini na chai ilikuwepo. Naomba iandikwe kwamba kampuni yenyewe imekuja hapa kusema hatari ilionekana na dawa yake ilionekana. Hataza chukueni. Mimi naomba ripoti ya kifo cha mume wangu iandikwe upya."

Wasomaji, nimeandika hadithi hii wiki kumi na nne na sijapata kuona mtu akibadilisha dini haraka namna ile. Tai Nyekundu alisema labda hakueleweka. Alisema neno dhahiri ni pana. Alisema ukitazama kwa makini, ulimi ule una ubunifu fulani, tena ubunifu mkubwa, ambao pengine fundi wa kawaida, kwa hali ya elimu ya wakati ule, asingeweza kuufikia. Karani aliinua mkono akaripoti kwamba wakili ametumia neno dhahiri mara ishirini na saba tangu asubuhi, na zote zimeandikwa.

"Tumekusikia mara zote," mwenyekiti alisema.

Jasho lilikuwa limeilowesha ile tai ikawa rangi ya ini. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na bwana huyu alishika tawi lililokuwa karibu. Sawa, alisema. Tuseme marehemu aliandika. Kuandika si kuomba. Ombi ni mpaka limfikie mtu wa swichi, anayewasha na kuzima mkanda, na mtu wa swichi ajibu. Pale mkiani kelele ni kubwa, simu haisikiki, kwa hiyo fundi hupitisha daftari kwenye kidirisha cha chumba cha swichi, na aliye ndani huandika jibu chini yake. Shahidi wake atathibitisha. Mnyapara alithibitisha.

"Waheshimiwa, tazameni. Chini ya maandishi haya hakuna jibu. Ukurasa umekwisha. Marehemu aliandika, akafunga daftari, akaenda mwenyewe kwenye mkanda unaotembea. Ripoti ni sahihi."

Mama Pacha aliutazama tena ukurasa ule. Alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho, na sasa hata alichokinunua kinataka kumponyoka.

"Geuza," mnyapara akasema.

Hakuna aliyemwelewa.

"Ukurasa umejaa mchoro, jibu lingekaa wapi? Geuza. Miaka sita nimelificha daftari hili chini ya godoro, mke wa Kawaida, nisamehe. Nililala juu yake na sikupata usingizi. Geuza, mama mwenyekiti."

Mwenyekiti akageuza. Alisoma kimya kwanza. Kisha akamtazama mjane kwa namna ambayo mwanasheria hamtazami mtu, akauliza kama angependa kuketi. Mama Pacha akasema atasimama.

"Pameandikwa hivi," mwenyekiti alisema. "Endelea, kaka. Nimeshazima."

Basi hakuwa mzembe. Aliomba, akajibiwa, akaingia kazini kwa mkanda uliokwisha kuzimwa, kama inavyotakiwa. Kwa muda mfupi sana, kama wa kuvuta pumzi moja, Mama Pacha alifurahi. Nawaambia ukweli, alifurahi.

Halafu neno lile likamfikia. Mgodini marehemu aliitwa Fundi. Aliitwa Kawaida. Mabosi walimwita wewe. Mtu mmoja tu kati ya wote waliofanya kazi pale alimwita kaka, na mtu huyo hakuwahi kumwambia Mama Pacha, katika miaka sita ya kula naye meza moja, kwamba usiku ule alikaa chumba cha swichi.

Nyuma yake kiti kilisogea.

Hakugeuka. Alisubiri maneno yamkute mgongoni, kwa kuwa uso wake hakutaka mtu auone.

"Nilizima, shemeji," sauti ilisema. "Naapa kwa mama aliyetuzaa, nilizima, na nikamwona kwa kidirisha anaingiza mkono."

Mwenyekiti akamuuliza kisha ikawaje.

"Halafu simu ya ofisini ikalia, wakataka mkanda uwashwe."